Miezi Miwili ya Kupumzisha Mkono wa Esha

Vikombe vya wageni nyumbani kwa Esha hukaa rafu ya juu kabisa ya kabati, na Esha mwenyewe hawezi kuvifikia. Si kwa ufupi. Amenipita kwa kichwa kizima tangu tukiwa wasichana. Ni mkono wake wa kulia. Huinuka hadi usawa wa sikio, na ukifika hapo husimama, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Basi siku niliyokwenda kumzuru kwake Mombasa, ghorofa ya tatu, vidato hamsini na viwili (nilivihesabu mara mbili, maana nilisimama katikati kuvuta pumzi nikapoteza hesabu), alimwita mjukuu wake aje avishushe. Tulikuwa hatujaonana miaka thelathini na ushei. Mlangoni tulikumbatiana, tukaliana kidogo, tukachekana unene. Mimi nauza mitumba ya watoto sokoni, na wenzangu husema naweza kumshusha mchu, yaani mtu kwa lugha ya kwetu, bei mpaka aniombe radhi kwa kuitaja ile ya kwanza. Lakini pale mlangoni, aliponikumbatia kwa mkono mmoja na nusu, nilichoweza kutaja ni idadi ya vidato.

Mjukuu anaitwa Rukia, ana miaka kumi na minne, na siku hiyo alivaa fulana ya shule iliyochorwa rungu na mpira. Nikamuuliza ni mchezo gani huo, kana kwamba sikuujua. Akasema ni softiboli, na kwamba yeye ndiye mtupaji wa timu.

"Alikuwa mtupaji," Esha akamsahihisha. "Ameacha."

Msichana aliviweka vikombe mezani kimoja kimoja, kwa adabu ya mtu aliyekasirika, akaenda zake chumbani. Esha akavuta barua kutoka chini ya kitambaa cha televisheni akanipa nisome. Mwalimu wa michezo alikuwa ameandika kwamba msimu umekwisha, Rukia amefanya vizuri sana, na sasa kwa miezi miwili ya likizo asitupe kitu chochote, mkono upumzike. Hakukuwa na zaidi ya hayo. Kwa Esha ilikuwa kama cheti cha daktari.

"Unaona?" akanambia. "Wenye mikono mizima hawaambiwi wapumzike. Kwetu mikono ni mibovu, Tima. Tunazaliwa nayo. Wewe ulikuwapo, wewe ndiye shahidi wangu."

Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikaomba sukari. Naandika sura hii kwa sababu ya kichwa kile kilichoitikia, na nitaiandika kama ilivyokuwa, bila kujipunguzia, ingawa kupunguza ndiyo kazi yangu.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa pili kabla ya nchi yetu, Somalia, kuvunjika. Shuleni kwetu Kismayo alikuwapo mwalimu wa mazoezi aliyeitwa Maalim Shee, ambaye ujanani alipelekwa Kuba kusoma, akarudi na Kihispania asichokuwa na wa kuzungumza naye, na magunia mawili ya glovu, mipira na marungu. Hilo jina la softiboli nimelijua baadaye. Sisi tuliuita mpira wa Kuba. Mtupaji husimama katikati ya uwanja, huzungusha mkono kwa chini kama gurudumu, na kuuachia mpira umpite msichana mwenye rungu, ufike kwa mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake. Mtupaji wetu alikuwa Esha, miaka kumi na mitano. Mdakaji nilikuwa mimi, kumi na sita. Wazee wa mtaa walinung'unika wiki mbili kwa kuona wasichana wanakimbia katika suruali, kisha wakaanza kuja kila jioni, wakisema wanakuja kukemea, na kila mmoja na kigoda chake.

Chumba cha stoo cha Maalim kilinuka chaki na mafuta ya nazi, maana glovu zake alizipaka mafuta kwa kitambaa kila Alhamisi ili ngozi isipasuke. Humo ndimo alimonipa kazi yangu ya pili. Kila mazoezi nilitakiwa nihesabu mitupo ya Esha, nikifika sitini nisimame, hata kama mchezo haujesha, hata kama Esha mwenyewe ananitukana. Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema kwa sababu mimi nikipewa samaki watano nawahesabu, kisha nawahesabu tena nikidhani wa sita amefichwa. Nilijisikia nimesifiwa. Esha alikuwa akiniita karani, na wakati mwingine abayo, yaani dada, kwa Kisomali, tulivyoitana sote shuleni. Kwa hiyo nikawa Abayo Karani, na nilipoinua mkono kuonyesha sitini zimetimia alinipigia goti kwa mzaha kama hakimu amehukumu.

Msimu ulipokwisha Maalim akapata habari kwamba baada ya likizo watakuja watu wawili kutoka Mogadishu, kuchagua msichana mmoja wa shule yetu. Atakayechaguliwa atachezea timu ya taifa ya wasichana, atalala bweni na kusomeshwa huko mpaka amalize. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayechaguliwa. Esha alikwisha kuamua kwamba atakuwa mwalimu wa mazoezi kama Maalim, na tayari alikuwa anatembea kama yeye, mikono nyuma. Siku ya mwisho Maalim alifunga mipira yote kabatini, akatia ufunguo mfukoni, akamwambia Esha hataiona miezi miwili. Kisha, kwa kuwa alijua Esha akibaki mjini atatafuta hata chungwa la kutupa, akamwomba mama yake amwachilie aende nami Kudha, kisiwani kwa shangazi yangu Zena. Huko hakuna mpira.

Alipokwisha kumuaga Esha aliniita mimi stoo, peke yangu. Haya ndiyo maneno ninayoyalipia mpaka leo.

"Tima, nakukabidhi mkono ule. Si mpira tu. Ndoo asiinue, mchi asishike, jiwe asitupe. Mkono haujui kama umeshika mpira au umeshika jiwe, unajua umezungushwa. Kuba nilimwona kijana alikuwa kama moto, wakamtumia mwaka mzima bila kumpumzisha, akiwa na miaka kumi na saba hawezi kujikuna mgongo. Umesikia?"

"Nimesikia, Maalim."

"Sema."

"Ndoo, mchi, jiwe."

Nilivitaja mara mbili.

Shangazi Zena alikuwa na shamba la mtama bara, mkabala wa kisiwa, ambako watu wa Kudha walivuka kwa mtumbwi alfajiri na kurudi jioni. Mtama ulikuwa umeanza kujaa punje, na mtama ukijaa punje ndege huja kama wamealikwa. Kuwafukuza ni kazi ya wasichana. Katikati ya shamba husimamishwa dungu, jukwaa la miti lenye kimo cha mtu na nusu, na msichana hukaa juu yake na kombeo na rundo la mawe, tangu jua linapochomoza mpaka ndege wanapokwenda kulala. Zamu ya mwaka ule ilikuwa yangu. Shangazi alinikaribisha kwa mkate wa mofa na samaki wa kupaka, akanilisha mpaka nikashindwa kukaa, na kesho yake akanipandisha dunguni. Siku ya kwanza kiganja kilitoka lengelenge. Siku ya pili lilipasuka. Siku ya tatu nilitupa jiwe likarudi nyuma likakipiga chungu cha kunde, na Shangazi akasema, bila kuinua kichwa, kwamba ndege wa bara wamepata rafiki.

Esha alikuwa amekaa chini kivulini, mkono wa kulia mapajani, kama mgonjwa. Alikuwa hana kazi. Alikuwa amekatazwa ndoo, mchi na jiwe bila kuambiwa, maana nilikuwa namtangulia katika kila kitu na kusema mimi nitafanya, na kwa siku tatu alidhani nina mapenzi. Siku ya nne aliniangalia nikilowesha kiganja kwa maji ya chumvi, akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba tonge, kwamba angejaribu mara moja tu. Hapo ndipo nilipofanya biashara. Nilisita kidogo, kama mchu mwenye bidhaa adimu. Nikasema sijui kama Maalim angependa. Nikasema, hata hivyo, Maalim alifunga mipira, na haya si mipira. Nikasema basi, mimi nitapika, nitateka maji, nitafua nguo zetu sote wawili, na yeye akae dunguni. Lakini nimemfadhili, asisahau. Akanishukuru. Nilimuuzia kazi yangu niliyoichukia, akanilipa kwa kuifanya, na juu yake akanishukuru. Sijawahi kufanya biashara nzuri kama ile, na nimefanya nyingi.

Sikumwonea wivu. Nataka hili lieleweke, kwa sababu wivu ungekuwa sababu yenye heshima kidogo. Nilikuwa mvivu tu, na kiganja kiliuma.

Kombeo alilitumia siku moja akalitupa. Akaanza kurusha mawe kwa mkono, kwa mzunguko wake wa mpira wa Kuba, na jiwe likaenda limenyooka juu ya mashuke ya mtama likivuma. Ndege walihama shamba letu wakaenda kwa jirani. Jirani akaja kulalamika, akakaa kutazama, akasahau lalamiko lake. Watoto walivuka kutoka kisiwani kuja kumwona. Mimi nilikuwa chini napepea moto chini ya chungu, na sijui kukaa bila kuhesabu. Asubuhi moja nilihesabu mawe yake kwa sikio, na jua lilipofika utosini nilikuwa nimepita mia mbili na thelathini. Nikadhani nimekosea. Nikaenda kuhesabu rundo lililobaki, nikatoa katika lile tulilolileta. Sikuwa nimekosea. Sitini ndiyo iliyokuwa amri, na ile ilikuwa nusu ya siku. Nilirudi kwenye chungu nikaongeza kuni.

Wiki ya tano nilikuwa nyuma ya ukuta wa makuti nachambua mchele, nikamsikia Shangazi Zena akizungumza na jirani yake. Hawakujua nipo. Shangazi alikuwa akisema msichana yule mgeni huguna usingizini kila akigeukia upande wa kulia, na kwamba asubuhi alimkuta anafunga kilemba kwa mkono mmoja, anacheka, anasema amelalia vibaya. Alimsugua kwa mafuta ya ufuta ya moto, na bega lilikuwa limejaa kama embe.

"Mwana wa wenyewe," akasema, "tutamrudisha na mkono gani?"

Jirani akasema wasichana wa mjini ni laini, atazoea. Shangazi akasema labda. Ningeweza kutoka nyuma ya ukuta ule. Zilikuwa hatua sita. Badala yake nilihesabu wiki zilizobaki, zilikuwa tatu, nikajiambia wiki tatu si kitu, na kwamba nikisema sasa itabidi niseme kwa nini sikusema zamani. Nimekuja kujua kwamba hivyo ndivyo uwongo unavyopanda bei: kila siku unayoiacha ipite, kesho yake ni ghali zaidi. Jioni ile nilimpa Esha kipande kikubwa cha samaki. Alikila kwa mkono wa kulia, akiinamia sahani badala ya kuinua mkono.

Tuliporudi Kismayo, Maalim alikuwa anatungoja langoni mwa shule. Hakumuuliza Esha, alijua Esha atasema lolote ili atupe. Aliniuliza mimi.

"Mkono umepumzika?"

"Umepumzika, Maalim. Wiki nane. Hakugusa mpira."

Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa la kwanza. Maalim akafumba macho kidogo, kama mchu aliyetua mzigo, akanishika kichwa, akasema Mungu anihifadhi. Esha alikuwa kando yetu anatabasamu. Kwake yeye hapakuwa na uwongo wowote: hakugusa mpira, na mawe si mpira. Hakuambiwa. Aliyeambiwa nilikuwa mimi.

Wageni wa Mogadishu walikuja Jumatatu. Walilishwa basta, zile tambi za Kitaliano, na jodari na ndizi nyumbani kwa mwalimu mkuu, wakaletwa uwanjani wakiwa wazito, wakakalishwa kivulini. Wazee walikuja na vigoda vyao. Mitupo kumi ya mwanzo ilikuwa ya Esha yule yule; wageni wakaacha kuzungumza. Lakini mdakaji husoma kwa kiganja. Tangu ya kumi na tano mpira ulianza kufika kwangu mwepesi, na kila ukifika Esha alikuwa anageuka kidogo, kama anatazama bahari, ili watu wasimwone uso. Mdakaji ndiye anayetoa ishara. Kidole kimoja chini, polepole. Viwili, kwa nguvu zote. Kiganja wazi, simama. Mmoja wa wageni alikuwa amesimama sasa, amekuja karibu na kamba ya uwanja. Nikatoa vidole viwili. Nilijua, na nikatoa vidole viwili, kwa sababu kiganja wazi kingeuliza maswali.

Mpira haukufika. Ulianguka katikati ya njia, ukabingirika mpaka miguuni kwangu kama kitu kilichopotea. Esha alikaa chini mchangani. Aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akautazama, kama anashangaa ni wa nani.

Hospitali waliufunga, mganga wa mifupa akaufungua na kuufunga upya, na miezi mitatu baadaye ulipofunguliwa mara ya mwisho ulikuwa unafika sikioni. Wiki ile ile ya kwanza Maalim alikwenda kwa mama yake Esha kuomba radhi. Nilikuwapo. Chumba kilikuwa na mkeka mpya na harufu ya ubani, Esha amelala upande wa dirisha, nami nimekaa miguuni pake. Mama yake alisema ni mapenzi ya Mungu.

"Ni mapenzi ya Mungu, mama," Maalim akajibu, "lakini mkono nilikabidhiwa mimi. Nimeupumzisha miezi miwili, nami nikautia kazini siku moja. Kosa ni langu."

Kisha akamwambia Esha labda mkono wake haukuumbwa kwa kazi ile, na asijilaumu. Alisema hivyo kumfariji. Esha akayachukua maneno yale akayaweka, na ameyatunza mpaka leo. Mimi nilitazama mkeka. Maalim hakufundisha mpira tena. Magunia yalibaki stoo mpaka panya wakayachukua. Na wale wageni, kwa kuwa walikuwa wametumwa warudi na msichana mmoja, wakarudi na mdakaji. Nilikaa Mogadishu mwaka mmoja na nusu, bweni, chakula mara tatu kwa siku. Esha ndiye aliyenishonea begi la safari, kwa mkono wa kushoto, mishono mirefu kama ya mtoto.

Vita vilipokuja vilitutawanya sote, na nakiri kwamba kati ya mambo niliyoyahisi, moja lilikuwa nafuu. Nilisikia Maalim alifia kambini, Kenya. Nilisoma dua, nikafunga duka siku moja.

Nilirudi kwa Esha siku ya nne baada ya kuisoma ile barua ya mwalimu wa Rukia, baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kunisaidia: nilikuwa msichana mdogo, sikujua madhara, hata wakubwa waliona na hawakusema. Niliyaacha ngazini. Esha alikuwa anakunja nguo kitandani, nami nikamweleza yote, kuanzia stoo, mpaka vidole viwili. Hakuacha kukunja. Nilipomaliza alikuwa na rundo lililonyooka kama matofali.

"Alikwambia mawe?" akauliza. "Kwa kinywa chake?"

"Ndoo, mchi na jiwe."

"Na mimi hukuniambia."

"Sikukwambia."

Akakaa. Akasema wanawe watatu amewalea kama mayai. Hakuwaruhusu kuogelea mbali, hakuwaruhusu kubeba, mmoja alitaka kuwa fundi wa mashua akamkataza, kwa sababu ya mkono. Alisema haya bila hasira, kama anayesoma orodha.

"Na Maalim?"

"Alikufa hajui, Esha."

Alilibeba rundo la nguo kwa mkono wa kushoto, akaliweka kabatini, rafu ya chini. Kisha akamwita Rukia. Msichana akaja, akasimama mlangoni, na nyanya yake akamwambia atapumzika miezi miwili kama alivyosema mwalimu wake, hata ndoo asiinue, na shule ikifunguliwa arudi uwanjani. Rukia alitutazama mmoja mmoja, akijaribu kujua nini kimetokea. Hakungoja kujua, alikimbia, tukasikia mlango wa chumbani ukibamizwa, na kicheko nyuma yake.

Esha alinigeukia.

"Mtoto atacheza," akasema. "Wewe usije kumtazama."

Swali la mpaka lini lilinifika ulimini. Nimeishi kwa maswali kama hayo, ya kushusha bei; hili nikalimeza. Nikasema, "Haya, Esha," nikavaa viatu vyangu.